Skuta za Umeme: Dukani Zinauzwa, Barabarani Marufuku



Wanafunzi wetu wapenzi na wazee wetu watukufu, katika toleo la mwaka huu tumeona tuandike juu ya jambo ambalo halimo katika vitabu tunavyosomesha, lakini limeshafika mpaka kwenye mlango wa madrasa. Nalo ni skuta za umeme. Kila Idi ikikaribia wazee hutuuliza kama mtoto wa miaka 12 au 13 anaweza kununuliwa moja awe anajia darasani, na vijana nao hutwambia kuwa kila mtu anayo. Jambo hili halijibiki kwa neno moja pale mlangoni, mtu akiwa na viatu mkononi na gari limeegeshwa pasipofaa. Kwa hivyo tumekusanya hapa yale yanayosemwa na sheria ya nchi hii ya Uingereza tunayoishi, pamoja na yale ambayo mzazi anapaswa kuyajua kabla ya kutoa pesa yake.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Wazee wetu waliokulia Unguja au Mombasa wakisikia skuta hukumbuka Vespa, ile ya kukalia, yenye injini ya petroli na namba nyuma. Siyo hiyo. Tunayoizungumza hapa ni ubao mwembamba wa kusimama juu yake, wenye magurudumu mawili madogo, usukani mrefu, mota na betri. Hukunjwa ikabebwa mkononi. Mtoto huiona ni mchezo tu, ndugu ya ile skuta ya kusukuma kwa mguu aliyokuwa nayo alipokuwa na miaka mitano. Sheria haiioni hivyo hata kidogo.

SHERIA INASEMAJE?

Kwa mujibu wa sheria ya barabara ya mwaka 1988, skuta ya umeme ni chombo cha moto, sawa na gari au pikipiki. Na chombo cha moto kikitaka kuingia barabarani ni lazima kisajiliwe, kiwe na namba, kiwe na bima, na anayekiendesha awe na leseni. Hapa ndipo penye fundo. Skuta uliyoinunua wewe mwenyewe haina njia ya kutimiza masharti hayo. Huwezi kuisajili ukapewa namba, wala huwezi kuikatia bima ya barabarani, hata ukitaka kulipa. Matokeo yake ni kuwa skuta ya mtu binafsi imekatazwa barabarani, imekatazwa katika njia za baiskeli, na imekatazwa katika bustani na viwanja vya umma.

Ama njia ya waendao kwa miguu, hiyo ina katazo lake la zamani zaidi. Sheria inayotumika ni ya mwaka 1835, iliyotungwa kabla ya gari la kwanza kuonekana, na ndani yake wametajwa farasi, punda na kondoo. Watu wa Lamu watacheka, lakini sheria hiyo ingali hai na polisi wanaitumia hadi leo.

Palipobaki ni ardhi ya mtu binafsi, tena kwa ruhusa ya mwenyewe. Mtoto akizunguka nayo nyuma ya nyumba yenu, hakuna wa kumuuliza. Lakini tahadharini na neno hili "binafsi". Uwanja wa kuegesha magari wa duka kubwa, au wa msikiti, una mwenyewe, ni kweli, lakini ikiwa watu wote wanaingia na kutoka, mahakama inaweza kuuhesabu kuwa ni mahali pa umma, na hapo sharti la bima linarudi pale pale. Kwa hivyo wale vijana wanaopigana mbio nyuma ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa wasidhani kuwa wamejificha katika kivuli cha sheria.

Linalowachanganya watu wengi ni kwamba vitu hivi vinauzwa hadharani. Mzee mmoja alituuliza, na swali lake lilikuwa la haki kabisa: kama ni marufuku, mbona duka limeniuzia na kunipa risiti? Jibu ni kuwa kuuza si kosa, na kumiliki si kosa. Kosa ni kuipanda mahali pa umma. Muuzaji ameshapata pesa yake, na onyo, kama lipo, limeandikwa kwa herufi ndogo ambazo mtu hazisomi siku ya furaha.

Tena mtu akitoka nje huziona nyengine zinapita mchana kweupe, na polisi hawazigusi. Hizo ni za kukodi. Mwezi wa Julai 2020 serikali iliruhusu majaribio ya skuta za kukodi katika baadhi ya miji ya England, mji wa mwanzo ukiwa Middlesbrough, na London ikafuata mwezi wa Juni 2021. Muda wa majaribio hayo umekuwa ukirefushwa mara kwa mara. Skuta hizo zimewekewa kanuni zake maalumu, na bima yake huwekwa na kampuni inayozikodisha. Ruhusa hiyo haivuki ikaingia katika skuta yako, hata zikifanana kama mapacha. Mwaka 2022 serikali ilitaja muswada wa usafiri ambao watu walitaraji ungezifungulia mlango na zile za binafsi, lakini muswada huo haukuletwa. Basi anayekwambia kuwa sheria imeshabadilika, mwambie akuonyeshe.

ADHABU, NA NANI ANAADHIBIWA

Polisi akimsimamisha mtu juu ya skuta ya binafsi barabarani, anaweza kuichukua pale pale. Ili kurudishiwa chombo kilichochukuliwa kwa kukosa bima, mtu hutakiwa alete leseni na bima. Bima, kama tulivyosema, haipatikani. Nyingi mwisho wake ni kusagwa.

Kisha kuna faini. Kuendesha bila bima ni pauni 300 na pointi 6 katika leseni. Kupita nayo njia ya waendao kwa miguu ni pauni 50. Kushika simu mkononi huku unaendesha ni pauni 200 na pointi 6 nyengine. Anayeiendesha akiwa amelewa huchukuliwa kama aliyekuwa akiendesha gari, na hilo hupelekwa mahakamani.

Vijana hutwambia: sisi hatuna leseni, pointi zitawekwa wapi? Zinawekwa. Huandikwa kwa jina lako zikakungoja, na siku unapokwenda kuomba leseni unazikuta zimeshatangulia. Bima ya gari kwa kijana wa miaka 18 ni ghali hata kwa asiye na kosa lolote, sembuse aliyekwisha kuandikiwa kuwa aliendesha bila bima. Na aliyefaulu mtihani wa gari, akipata pointi 6 ndani ya miaka miwili ya mwanzo, hupokonywa leseni yake na kuanza upya. Kosa moja la skuta linatosha kumfikisha hapo.

Sasa tuseme na wazee, maana hili wengi wao halijawafikia. Sheria ile ile ya 1988 haimkamati mwendeshaji peke yake. Inamkamata pia yule aliyemruhusu mwengine kutumia chombo kisicho na bima. Baba aliyemnunulia mwanawe skuta, akamwona anatoka nayo kwenda skuli kila asubuhi na akanyamaza, huyo amemruhusu, na anaweza kushtakiwa na kutiwa pointi katika leseni yake mwenyewe. Katika jamaa zetu hapa wapo wengi wanaoendesha teksi, mabasi na magari ya kupeleka mizigo. Kwao leseni ndiyo riziki ya nyumba. Zawadi ya pauni 200 au 300 haifai kuiweka riziki hiyo rehani.

Na kuna jambo zito kuliko pesa. Mwezi wa Juni 2022, katika kijiji kimoja cha Nottinghamshire, kijana wa miaka 14 alikuwa juu ya skuta ya umeme katika njia ya waendao kwa miguu. Akamgonga bibi wa zaidi ya miaka 70 aliyekuwa akitembea. Bibi yule alifariki siku chache baadaye. Kijana alikiri mahakamani kosa la kusababisha kifo kwa kuendesha bila leseni na bila bima, na mwaka 2023 mahakama ikampa amri ya marekebisho ya miezi 12 na kumzuia kuendesha kwa miaka mitano. Tunaiandika habari hii kwa uzito, kwani tunao wanafunzi wa umri huo huo katika darasa la jioni, na wengi wao ni watoto wazuri. Hatuna sababu ya kudhani kuwa yule hakuwa mtoto mzuri. Hakukusudia kumdhuru mtu. Lakini familia moja imempoteza mzee wao, na mtoto mmoja atakua akiwa na jambo hilo kifuani. Katika mwaka huo wa 2022 watu 12 walifariki nchini kutokana na ajali za skuta za umeme, na wengi wao walikuwa ni waendeshaji wenyewe.

KWA NINI KITU KIDOGO HIVI KINADHURU?

Tuwape vijana hesabu kidogo. Skuta ya kukodi huwekewa kikomo cha maili 15 na nusu kwa saa, yaani kilomita 25. Hiyo ni karibu mita 7 kwa kila sekunde. Mtu anayetembea hukata kama mita moja na nusu tu. Hebu tamka "assalaamu alaykum" kwa utulivu, kisha uhesabu: katika muda huo skuta imeshapita mita 10, urefu wa chumba kikubwa cha darasa. Bibi anayetoka kwenye lango la nyumba yake hana muda wa kurudi nyuma. Na hizo ni zile zilizofungiwa mwendo. Za kununua zipo zinazopita maili 30.

Pia haina sauti. Kipofu huvuka njia kwa kusikiliza, na skuta inamfikia kabla hajaisikia. Magurudumu yake ni madogo, kwa hivyo shimo ambalo baiskeli ingelipita kwa mtikisiko, skuta hunasa, na mwendeshaji kwa kuwa amesimama wima hurushwa mbele kichwa kikitangulia. Madarasa yetu ya majira ya baridi huanza jua limeshazama, barabara imelowa na majani yameanguka. Ongeza hapo kanzu au buibui linalopeperuka karibu na gurudumu la nyuma, na begi la msahafu limening'inizwa upande mmoja wa usukani, uone usukani unavutwa wapi.

Haki za njia tumezisoma sote katika masomo ya adabu, tangu darasa la chini. Hatuhitaji kuzirudia hapa, ila kusema kwamba anayepita kwa miguu katika njia yake, awe Muislamu au asiwe, ni miongoni mwa wenye haki hizo.

ANAYETAKA KUKODI

Kwa wale waliofikia umri, kukodi kunaruhusiwa katika miji iliyomo kwenye majaribio, na wapo walimu wetu vijana wanaotumia njia hii kwenda kazini. Masharti yake ni haya. Uwe na leseni, ijapokuwa ile ya muda ya kujifunzia, na iwe na alama ya Q nyuma yake. Leseni kamili ya gari inatosha. Maana yake ni kuwa aliye chini ya miaka 16 hana njia, na London kikomo chao ni miaka 18. Mgeni aliyetoka Afrika Mashariki akiwa na leseni kamili ya kwao inayofanya kazi, anaruhusiwa na sheria ndani ya miezi 12 tangu aingie nchini, lakini aiulize kampuni kwanza kabla hajashika usukani.

Utapita barabarani na katika njia za baiskeli. Hutapita njia ya waendao kwa miguu, hata kwa hatua kumi za kukata kona, wala barabara kuu za mwendo wa kasi. Mtu mmoja kwa skuta moja. Tunalisisitiza hili kwa sababu tumeona kaka na mdogo wake wamesimama pamoja juu ya ubao mmoja, mdogo ameshika kiuno cha mkubwa. Helmeti sheria haiilazimishi, inashauri tu. Sisi tunasema ivae, kwani fuvu la kichwa haliangalii kama sheria imelazimisha au imeshauri. Taa nyekundu ni taa nyekundu, na simu ibaki mfukoni. Ukimaliza, iegeshe pale ilipopangwa. Iliyotupwa katikati ya njia inamzuia mama mwenye kigari cha mtoto na mtu wa kiti cha magurudumu, nao hulazimika kushuka barabarani kwenye magari.

Kuna hila moja inayoenea, ya kijana kufungua akaunti kwa leseni ya baba au ya dada. Mbali na kuwa huo ni uwongo, bima ya kampuni humlinda aliyejiandikisha. Aliyepanda kwa jina la mwengine hana leseni wala bima, na amerudi katika adhabu zote tulizozitaja.

BETRI NDANI YA NYUMBA

Hata skuta isiyotoka nje ina hatari yake. Betri zake ni za lithiamu, na zikiharibika huwaka ghafla, kwa moto mkali na moshi wenye sumu. Tarehe 1 Novemba 2021 skuta moja iliwaka ndani ya treni ya chini ya ardhi katika kituo cha Parsons Green, London. Kuanzia tarehe 13 Disemba mwaka huo, skuta za binafsi zikapigwa marufuku katika treni, mabasi na vituo vya London, hata ikiwa imekunjwa na imezimwa, na faini yake hufika pauni 1,000.

Wengi wetu tunaishi katika fleti zenye mlango mmoja tu, na mahali panapoonekana pafaa kuwekea skuta ni ukumbini, karibu na mlango huo. Hapo ndipo pabaya kuliko pote, maana moto ukishika umewafungia njia ya kutokea. Usichaji usiku watu wamelala. Usitumie chaja ya kitu kingine kwa kuwa tu inaingia. Ikiwa betri imevimba, imepasuka au inatoa harufu, acha kuitumia. Kwa sababu hiyo hiyo uongozi wa madrasa hauruhusu skuta kuchajiwa ndani ya jengo, wala kuachwa penye rafu za viatu, na tunaomba radhi kwa waliofika nazo wakarudishwa.

NCHI NYENGINE

Jamaa zetu wametawanyika, na binamu akija likizo huja na sheria za kwao kichwani. Ujerumani imeziruhusu tangu tarehe 15 Juni 2019: umri ni kuanzia miaka 14, mwendo kilomita 20 kwa saa, leseni haitakiwi, lakini ni lazima iwe na bima na kibandiko chake nyuma. Ufaransa nayo inazikubali za binafsi, na mwaka 2023 ilipandisha umri kutoka miaka 12 hadi 14. Mwaka huo huo wakazi wa Paris walipiga kura kuziondoa zile za kukodi, na zikaondoka. Ni kinyume kabisa na hapa petu. Dubai, ambako wengi wetu tuna ndugu, tangu mwaka 2022 inataka mwendeshaji awe na miaka 16 na kibali, isipokuwa mwenye leseni ya kuendesha. Kwa hivyo kijana wa Hamburg au wa Dubai anayemwambia mwenzake wa Leicester kuwa "sisi tunapanda, hakuna shida" hasemi uwongo. Anasema sheria ya kwao.

ALIYEKWISHA KUNUNUA

Kama bado risiti ipo na haijatumika, irudisheni. Kama muda wa kurudisha umepita na mna uwanja wenu nyumbani, ibaki huko, mtoto avae helmeti, na mkubwa awepo. Mkiamua kuitupa, msiitie katika pipa la nyumbani, kwani betri huwaka ndani ya gari la taka. Ipelekeni katika kituo cha taka cha baraza la mji.

Anayehitaji hasa chombo cha kumfikisha skuli na madrasa, baiskeli ya kawaida haina sharti la umri wala leseni. Na ipo baiskeli ya umeme inayoruhusiwa kisheria kuanzia miaka 14, bila leseni wala bima, ilimradi iwe na pedeli zinazofanya kazi, mota yake isizidi wati 250, na mota iache kusaidia ikifika maili 15 na nusu kwa saa. Kabla ya kulipa, angalieni wati zilizoandikwa kwenye fremu. Iliyozidi hapo, au inayokwenda kwa kubonyeza tu bila kukanyaga pedeli, inaweza kuhesabiwa kuwa ni pikipiki, na mtakuwa mmeirudia hadithi ya skuta kwa bei kubwa zaidi.